Kutoka Lamadi Hadi Malampaka: Habari za Ng'ambo Katika Nchi ya Pamba

Wasafiri wengi wa Kanda ya Ziwa huishia Mwanza, au hupita Lamadi mbio wakielekea Serengeti. Mkoa wa Simiyu huuona dirishani tu: mbuga tambarare, makundi ya ng'ombe, mbuyu mmoja mmoja, baiskeli iliyobeba magunia marefu kuliko mwendeshaji. Nilikwenda huko wakati wa ununuzi wa pamba ili niwaonyeshe wasomaji nchi ambayo magazeti huitaja bei ya pamba inapoanguka, kisha huisahau. Mkoa wenyewe bado mchanga. Ulimegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, makao makuu yakawekwa Bariadi, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni mbili, wengi wao Wasukuma wanaolima na kufuga.

Picha ya nchi hiyo nimerudi nayo, na nimerudi pia na jambo jingine. Kila nilipokaa, mazungumzo yalianza na mvua, yakaenda kwenye pamba, yakaishia kwa mtoto wa fulani aliye Muscat, Texas au Uingereza. Je, huko kwenye nchi za matajiri wamekuta maisha waliyoyafuata? Watu wa Simiyu, wengi wao hawajawahi kupanda ndege, walinijibu kwa undani kuliko nilivyowahi kujibiwa Dar es Salaam, ambako kila mtu ana ndugu nje na kila mtu anamficha ukweli jirani yake.

Lamadi

Lamadi iko wilayani Busega, pale barabara ya Mwanza kwenda Musoma inapoachana na ile ya Bariadi. Upande mmoja ni Ghuba ya Speke, maji ya Ziwa Victoria yanayolala kimya asubuhi na kuchafuka mchana upepo unapogeuka. Upande wa pili, mwendo mfupi tu, ni lango la Ndabaka, ambako Hifadhi ya Serengeti inanyoosha mkono wake wa magharibi hadi karibu na ziwa. Wavuvi na nyumbu ni majirani hapa. Niliagiza sato wa kuchoma kwa ugali wa udaga, akaletwa mzima na ndimu yake, ngozi imekauka na kupasuka kwa chumvi, na mama aliyeniletea akanionya nianze na kichwa kabla hakijapoa.

Mbele ya kibanda hicho magari ya watalii yalikuwa yakipita moja baada ya jingine, paa zimeinuliwa, wazee wa Kizungu wamesimama ndani wakipiga picha. Kijana fundi simu aliyekuwa amekaa karibu nami aliwatazama hadi walipopotea.

"Dada, wale wana maisha," aliniambia. "Babu wa miaka themanini anatoka kwao kuja kutazama wanyama. Babu yangu mimi akifika Mwanza, ujue amepelekwa hospitali ya Bugando."

Alikuwa na mpango wa kuondoka. Hakujali aende Ulaya au Uarabuni, mradi aondoke. Nilimuuliza anadhani watu wale wanaishije wakiwa kwao, akanionyesha gari jingine lililokuwa linakuja. Kwake, hivyo ndivyo wanavyoishi.

Nimeyatafakari maneno yake tangu siku ile, kwa sababu yanaeleza tarajio linavyozaliwa. Lamadi inawaona watu wa nchi tajiri kila siku ya msimu, lakini inawaona wakiwa likizoni. Haimwoni dereva wa basi wa Manchester akiamka gizani kwenye baridi, wala haimwoni yule mzee wa kwenye gari alipokuwa akiweka akiba miaka mingi ili apate siku chache za Serengeti. Utajiri wa Ulaya umefika hapa ukiwa umeoga, umeshiba na umevaa kofia ya jua. Kijana anayekua kando ya barabara hii ana haki ya kuamini kwamba kuvuka bahari ni kuhamia katika mapumziko yasiyokwisha.

Bariadi

Kutoka Lamadi barabara ya lami inapanda taratibu kuliacha ziwa, ikipita Dutwa na vilima vyake ambavyo watafiti wa madini wamekuwa wakivifuatilia kwa ajili ya nikeli. Hewa inakauka. Udongo unabadilika kutoka mchanga mwekundu kuwa mbuga nyeusi, ile inayonasa magurudumu masika na kupasuka nyufa za kuingia mguu kiangazi. Mashamba ya pamba yalikuwa yameshavunwa, yamebaki miti mikavu yenye vipande vyeupe vilivyosahaulika, na mbuzi wakivitafuta.

Bariadi msimu huo ni mji wa malori na mizani. Pamba inakusanywa kwenye vyama vya msingi, AMCOS, na kila ghala nililopita lilikuwa na foleni ya baiskeli, mikokoteni ya ng'ombe na akina mama waliokaa juu ya mitumba yao ya pamba wakisubiri jina liitwe. Kuhusu mizani, watu wa hapa hawana utani. Wazee wanakumbuka kwamba ni malalamiko ya kupunjwa kwenye mizani ya wafanyabiashara yaliyowasukuma wakulima wa Usukuma kuunda vyama vyao miaka ya 1950, chini ya Paul Bomani, hadi mwaka 1955 vikaungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, mojawapo ya mashirikisho makubwa ya ushirika Afrika wakati wake. Mkulima aliyenisimulia hayo alimalizia kwa kusema kwamba mizani wameipata, lakini bei bado inatoka mbali. Ni kweli. Simiyu ndiyo inayoongoza nchini kwa kuvuna pamba, na bei yake inategemea soko la dunia ambalo hakuna mtu wa Bariadi aliyewahi kuketi mezani kwake.

Ukielewa hilo, unaelewa kwa nini watu wanaondoka. Sikukutana na mtu aliyesema anaikimbia njaa. Niliokutana nao walikuwa wamechoka kupanda mwezi Novemba bila kujua Juni watauza kwa shilingi ngapi. Mshahara, hata mdogo, wenye tarehe maalumu, ulikuwa kwao jambo kubwa kuliko Uarabuni yenyewe.

Karibu na soko nilipata mgahawa mdogo wa mama mmoja aliyerudi kutoka Oman. Asubuhi alikuwa akiuza chai ya maziwa, karanga na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa juani hadi vikawa vigumu na vitamu kama tende. Nilirudi kwake asubuhi zote nilizokaa Bariadi, na alinisimulia kidogo kidogo, kati ya mteja na mteja.

Alikuwa mfanyakazi wa ndani katika nyumba moja ya Muscat. Jambo lililomshangaza kwanza ni kwamba bibi wa nyumba ile alizungumza Kiswahili cha Unguja, kizuri kuliko chake. Familia nyingi zilizoondoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ziliishia Oman, hasa baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi kujenga nchi. Kwa hiyo binti wa Kisukuma aliyetoka Bariadi akiwa na hofu ya Kiarabu alijikuta jikoni akisimuliwa habari za Forodhani.

"Bibi yule alinipenda," alisema. "Akila, ananiita nile. Lakini pasipoti yangu ilikuwa kabatini kwa mwanawe, na kabati lina ufunguo."

Alipata alichokifuata. Mshahara ulitoka, si kila mara kwa tarehe yake, lakini ulitoka. Alinunua kiwanja, akaezeka bati, akafungua mgahawa huu. Huko umeme haukukatika hata siku moja, alipougua alitibiwa, barabara zilikuwa safi hadi akaona haya kutema mate. Hakuwa na siku ya mapumziko. Hakuwahi kutoka peke yake. Simu alipewa usiku, kwa muda, na mwanawe mdogo, aliyemwacha ananyonya, akajifunza kumwita bibi yake mama.

Nilimuuliza kama maisha ya kule yalikuwa kama alivyotarajia. Alifuta meza kwanza.

"Dada, maisha ya kule ni mazuri sana. Ila hayakuwa yangu. Mimi nilikuwa nayafua na kuyapiga pasi."

Kwake mambo yalikwenda afadhali, na anajua hivyo. Alinitajia binti wa mtaa wa pili aliyeondoka kwa wakala wa mitaani, kwa visa ya matembezi, bila mkataba wowote, akafanya kazi miezi kadhaa bila kuona senti, akarudi na begi lile lile. Shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti mwaka 2017 baada ya kuzungumza na wanawake 50 wa Kitanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Pasipoti zilizochukuliwa, saa za kazi zisizo na mwisho, mishahara iliyokatwa au kuzuiwa, vipigo. Nyuma ya mengi ya hayo kuna utaratibu wa kafala, unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja, hata akiteswa asiweze kuhama kwa urahisi. Oman ni nchi tajiri kwa mabinti wote wawili. Aliyewatofautisha ni mwenye nyumba, na huyo hakuna aliyemchagua.

Lagangabilili

Kutoka Bariadi nilikwenda Lagangabilili, makao makuu ya wilaya ya Itilima. Ni mji ulioanza kukua kwa kasi baada ya wilaya kuundwa: ofisi za serikali zenye rangi mpya, maduka ya vifaa vya ujenzi, na nyuma yake mara moja mashamba ya mtama na mawe makubwa ya matale yaliyopangana.

Mzee mmoja alinikaribisha kwake jioni. "Mwadila, mayu," akaniamkia, kwani kwa Wasukuma mzee humwita mayu, yaani mama, hata binti wa umri wa mjukuu wake. Wajukuu wa kike walinisalimia wakipiga magoti. Tuliletewa ugali wa mtama, mweusi, mzito, na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa na kupikwa kwa karanga, pamoja na kibuyu cha maziwa ya mgando. Mezani kwangu Dar es Salaam sijawahi kula mboga iliyoshinda nsansa ile, na nasema hivyo nikiwa na akili timamu.

Uani kulikuwa na nyumba mbili. Moja kubwa, ya bati la rangi, madirisha ya aluminiamu, vigae sakafuni. Imejengwa na mwanawe aliye Marekani. Ya pili ya zamani, ndogo, ya matofali ya udongo. Mzee analala kwenye ya zamani. Kubwa inafunguliwa kufagiliwa na kupokea wageni kama mimi.

Mwana huyo alikwenda kwa bahati nasibu ya visa, ile iliyoanzishwa kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1990 na kutenga hadi visa 55,000 kwa mwaka kwa nchi zinazopeleka wahamiaji wachache. Anaendesha lori kubwa la masafa marefu kutoka Texas. Mzee alinionyesha picha: kijana amesimama kando ya tairi refu kama kifua chake, anacheka. Kipato chake cha mwezi mmoja, alivyosema mzee, ni pamba ya ukoo mzima kwa msimu. Sina sababu ya kumbishia.

"Nyumba anayo, gari analo, friji limejaa," alisema mzee. "Lakini anaponipigia huwa yuko njiani. Sijawahi kumwona amekaa. Namwuliza, baba, utakaa lini? Ananiambia, nikikaa silipwi."

Kisha akanieleza jambo ambalo mwanawe humwomba kila wanapozungumza: amwombee asiugue. Mwanzoni mzee alidhani ni mzaha. Nchi yenye hospitali kama zile, mtu anaogopaje kuugua? Mwanawe ni dereva anayejitegemea, bima yake ni ya kujinunulia, na miaka mingine ameiacha. Hayuko peke yake. Mwaka 2023 takriban watu milioni 26 nchini Marekani hawakuwa na bima ya afya. Mzee mwenyewe ana kadi ya bima aliyolipiwa na mwanawe huyo huyo.

Liko pia suala la ardhi, na hapo sauti ya mzee ilibadilika. Mwanawe anafikiria kuchukua uraia wa Marekani ili apate utulivu. Sheria ya uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na sheria ya ardhi ya mwaka 1999 haimpi asiye raia haki ya kumiliki ardhi kama raia. Mwaka 2025 Bunge lilipitisha mabadiliko yanayotoa hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania walio na uraia wa nje, na mzee alikuwa amesikia redioni. Aliniuliza mara mbili kama hadhi hiyo inarithisha shamba. Nilimshauri aende kwa mwanasheria wa wilaya, maana jambo la shamba halijibiwi kwa kubahatisha. Kwake, mafanikio ya kijana yatapimwa hapo. Nyumba yenye vigae inaweza kuuzwa. Kaburi la babu haliuzwi.

Kabla sijalala niliuliza kuhusu misiba. Katika vijiji vya Usukuma kutohudhuria msiba ni kosa la jamii nzima. Sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, na viongozi wa vijana hutoza faini, na asiyejirekebisha hutengwa, hata moto haombi kwa jirani. Mwana aliye Texas hutuma pesa kila msiba unapotokea, na wanakijiji wanazipokea. Mzee alisema wamekubaliana kumsamehe. Kisha akaongeza kwamba mkewe, mama wa kijana huyo, alizikwa mwana akiwa njiani na mzigo wa mtu, akiangalia mazishi kwenye simu kando ya barabara.

Ripoti ya Furaha Duniani ya mwaka 2018 iliwachunguza wahamiaji katika nchi 117, na ikaonyesha kwamba furaha yao hukaribiana sana na ile ya wenyeji wa nchi waliyohamia. Finland iliongoza kwa wenyeji na kwa wahamiaji. Naiheshimu hesabu hiyo, na nadhani kwa jumla ni ya kweli: mtu hula cha nchi aliyopo. Lakini nilipokuwa nimekaa kwenye ua wa Itilima niliona kwamba anayeulizwa ni yule aliyehama. Anayelala kwenye nyumba ndogo haulizwi.

Mwanhuzi

Barabara ya kwenda Mwanhuzi, wilayani Meatu, inapita katika nchi kavu zaidi. Miiba, mibuyu, vumbi, ng'ombe wenye nundu kubwa wakitembea mstari mmoja kwenda lambo la maji. Upande wa mashariki nchi inashuka kuelekea Ziwa Eyasi, kwa Wahadzabe. Hapa ndipo nilipoziona ngitili, maeneo ya malisho yanayofungwa masika ili nyasi na miti ipone, kisha kufunguliwa kiangazi kikizidi. Ni desturi ya kale ya Wasukuma. Mradi wa hifadhi ya ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986 uliirudishia heshima, na ukitembea ndani yake unasikia ndege ambao nje ya uzio hawapo.

Mnadani, tukila mbuzi wa kuchoma, mfugaji mmoja wa makamo alinifundisha habari ya kuhama kuliko vitabu. Wasukuma wamehama sana. Walikwenda Geita wakati wa ukoloni, kisha Tabora, Rukwa, Katavi, wakafika Usangu kule Mbeya na Kilombero kule Morogoro, wakifuata malisho na mashamba. Yeye mwenyewe alikulia Usangu, hadi operesheni ya mwaka 2006 na 2007 ilipowaondoa wafugaji bonde la Ihefu, huko huko Usangu. Walipoteza ng'ombe wengi njiani wakielekea Lindi. Nilitarajia asimulie kwa uchungu, na uchungu ulikuwepo, lakini kuhusu maisha ya Usangu hakuwa na neno baya.

"Tulihama sote," alisema. "Baba, mama zetu, ng'ombe, mbwa, mpaka ngoma ya Bagalu tuliibeba. Tukifika mahali, jioni pale pale ni kwetu. Huyu wa Ulaya anahama peke yake. Akifika jioni, anafika kwa nani?"

Bagalu na Bagika ni vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana tangu karne ya 19, na baada ya mavuno ngoma huchezwa mchana kutwa watu wakihama kutoka uwanja mmoja kwenda mwingine kutazama nani ana dawa ya kuvuta umati. Familia yake ilipeleka ushindani huo hadi Usangu. Katika safari hii yote sikusikia maelezo yaliyonikaa moyoni kuliko ya mtu huyu. Visa za nchi tajiri zimetengenezwa kwa ajili ya mikono miwili. Ukoo haumo kwenye fomu.

Maswa

Maswa mjini ni pazuri asubuhi: miti ya kivuli, watoto wa shule kwa mamia, kiwanda kidogo kilichojipatia jina kwa chaki. Nilifikia kwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mwenye watoto wawili. Mumewe pia alikuwa mwalimu. Sasa anawaogesha wazee katika nyumba ya kulea wazee Uingereza.

Uingereza ilifungua njia ya visa kwa wahudumu wa aina hiyo Februari 2022, kwa kuwa ilikosa watu wa kuifanya kazi. Tarehe 11 Machi 2024 ikawazuia wanaoingia kwa njia hiyo kuja na mke, mume au watoto, na Julai 2025 ikafunga kabisa kuajiri wapya kutoka nje. Mume huyu aliondoka katikati ya mwaka 2024. Wakala aliyemchukulia pesa alimhakikishia kwamba familia ingemfuata baada ya miezi mitatu. Sheria ilikuwa imeshabadilika, na wakala alikuwa anajua.

Walikuwa wameuza ng'ombe na shamba moja la mpunga.

Mwalimu alinisikilizisha ujumbe wa sauti wa mumewe. Anasifu mambo mengi, na anayasifu kwa moyo: treni inayofika dakika iliyoandikwa, maji ya bomba yanayonyweka, daktari asiyekudai kitu mlangoni, meneja anayemwita kwa jina lake la kwanza na kumwomba samahani. Analipwa. Anasema hajawahi kutishwa na polisi. Kisha anazungumzia wazee anaowahudumia. Wana vitanda vya umeme vinavyoinuka na kushuka, wana dawa zote, na mmoja wao hajatembelewa na mwanawe tangu yeye aanze kazi. Anamfundisha mzee huyo kusema mwangaluka, salamu ya Kisukuma, kila asubuhi. Akipoteza kazi hii ana siku 60 za kupata mwajiri mwingine mwenye leseni, la sivyo aondoke nchini. Kwa hiyo zamu za usiku hazikatai.

Mkewe alizima simu. "Hajanidanganya," alisema. "Ila kila akiongea na baba yake, yale ya mwisho hayasemi."

Nimeyafikiria sana maneno hayo, kwa sababu ndiyo yanayowapeleka wengine. Kuna utafiti uliofanywa kwa watu wa visiwa vya Tonga walioingia bahati nasibu ya kuhamia New Zealand. Kwa kuwa washindi walipatikana kwa kura, watafiti waliweza kuwalinganisha kwa haki na walioshindwa. Kipato cha waliohama kilipanda mno. Furaha yao, walipoulizwa, ilishuka. Watonga hao walikuwa na mkataba, sheria na amani, na bado. Nilipomweleza mwalimu, alishangaa jambo moja tu: kwamba kuna watu waliokwenda kuuliza.

Malampaka

Nilimalizia Malampaka, kituo cha reli kilicho wilayani Maswa. Reli ya Tabora hadi Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928, ndiyo iliyoichukua pamba ya nchi hii kwa miongo mingi, na sasa njia ya reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka inapita hapo hapo. Karibu na maghala ya zamani vijana walikuwa wakipakia marobota. Sehemu kubwa ya pamba inayochambuliwa Tanzania husafirishwa nje kabla ya kusokotwa, na kijana mmoja wa pale alikuwa amevaa fulana ya mtumba ya klabu ya mpira ya Ujerumani.

Kwa niliyoyaona na kuyasikia, ninaamini nchi tajiri hutimiza ahadi zake za umeme, barabara na mshahara kwa wengi wanaofika. Kinachoamua kama mtu ataishi humo au atayatumikia tu maisha ya wengine ni karatasi aliyoingilia: mkataba wa nani, visa ya aina gani, ruhusa ya kubadili kazi, ruhusa ya kuishi na mwenzi na watoto wake. Mama wa Bariadi, dereva wa Texas na mume wa mwalimu wa Maswa hawakutofautiana kwa bidii.

Kwa hiyo, msomaji, kama nyumbani kwako kuna kijana anayejiandaa kuondoka, kabla ng'ombe hawajafika mnadani nenda naye ofisi ya serikali ya huduma za ajira, TaESA, mkaulize kama mtu anayewachukulia pesa anatambuliwa. Someni mkataba kwa lugha mnayoielewa, mstari kwa mstari. Bakini na nakala ya pasipoti na namba ya ubalozi. Na kama tayari una wako huko, safari hii ukimpigia usianze na pesa za bati. Muulize analala saa ngapi, anakula na nani, na siku yake ya mapumziko ni ipi. Umsikilize hadi amalize.